SOMO: Nani Ameniita? Skripti ya Kikundi Ijue Imeanzishwa Vipi



Kama hesabu zenu za hisa na mikopo zimehama kutoka daftari la karatasi hadi kwenye kompyuta, somo hili lawahusu. Tuseme kompyuta yenu inatumia Linux, na kijana wa kikundi amewaandikia skripti, yaani faili ndogo yenye amri zinazofuatana, ya kuweka nakala ya daftari. Karani akimaliza kazi anaianzisha kwa mkono. Skripti inamwuliza: "Nifute nakala ya zamani? Bonyeza Enter kukubali, andika H kukataa." Karani anaangalia daftari lake, ndipo anajibu. Vizuri sana.

Halafu mnasema, aa, karani husahau, wacha kompyuta ijifanyie yenyewe. Linux ina mtumishi wa kazi za saa maalum, jina lake cron. Mnamwachia maagizo:

0 21 * * * /home/karani/hifadhi.sh

Maana yake ni kila siku saa tatu usiku. (Umeme ukiwa umepotea saa hiyo, cron harudii. Atangoja kesho.)

Hapo ndipo shida inapoanza. Usiku hakuna karani. Swali linaulizwa katika nyumba tupu na jibu linarudi tupu. Kwa skripti hii jibu tupu ni sawa na Enter, na Enter ni kukubali! Kama mchana mtu alifuta ukurasa wa mikopo kwa bahati mbaya, usiku nakala nzuri inafutwa na ile mbovu inakaa mahali pake. Asubuhi hakuna ajuaye nani anadaiwa ngapi, na hapo ndipo vikundi huvunjika.

Kwa hivyo skripti ijiulize kabla ya jambo lingine: nimeitwa na mtu, au na cron?

Kuna wanaopenda kumwuliza mzazi. Kila programu ina programu iliyoizaa, na amri hii inaonyesha jina lake:

ps -o comm= -p "$PPID"

Lakini cron hupitia kwa sh kwanza, kwa hivyo mara utaona cron, mara utaona sh. Sisi hatuitegemei hiyo.

Wengine hutumia jina. Ndani ya skripti, $0 ni jina ambalo iliitwa nalo. Faili moja inaweza kupewa majina mawili kwa amri ya ln -s, moja la mchana na moja la usiku, kisha ikaangalia imeitwa lipi. BusyBox, inayotumika katika mitambo mingi midogo, ni programu moja inayofanya kazi nyingi kwa njia hiyo hiyo.

Kipimo tunachokipenda ni hiki: [ -t 0 ]. Kinauliza kama mlango wa kuingizia maneno umeunganishwa na terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Angalieni lakini, hakisemi ni nani aliyeita. Kinasema tu kama kuna mahali pa kujibia. Karani akibofya alama ya skripti kwenye skrini bila kufungua terminali, kipimo kitasema hakuna, na kumbe yeye yuko pale pale ameketi.

Ndiyo sababu ni afadhali skripti iambiwe kuliko ikisie. Ongezeni neno moja mwisho wa maagizo ya cron:

0 21 * * * /home/karani/hifadhi.sh usiku

Neno hilo linafika ndani ya skripti kama $1. Ikiliona, isiulize na isifute kitu, iandike tu nakala mpya yenye tarehe katika jina lake. Bila neno hilo, ndipo ipime terminali. Ikikosa terminali pia, ifanye kama usiku. Kufuta kungoje mtu.

Zoezi la wiki hii. Andikeni faili jaribu.sh yenye mstari huu:

if [ -t 0 ]; then echo "Kuna mtu"; else echo "Hakuna mtu"; fi

Fungueni terminali, muiendeshe kwanza hivi: sh jaribu.sh. Kisha hivi: sh jaribu.sh < /dev/null. Mara ya pili mmeufunga mlango wa maneno, na jibu litabadilika. Yakiwaingia, rekebisheni hifadhi.sh, lakini mjaribu kwanza na daftari la mfano, si lile la pesa za watu.