Kle USB inayokataa kuandikwa



Mutu anachomeka kle USB yake ku ordinatere, anataka kuweka kazi ndani, na masini inajibu kwamba kle imekingwa, haiandikwi. Wengi wanasema: imekufa, tufanye fomati. Hapana! Kle ya namna hii mara nyingi ingali inasomeka. Kwanza tuokoe yaliyo ndani, kisha tutafute ugonjwa.

1. Toa nakala. Weka kazi zote katika ordinatere, na uzifungue kuona kama ziko sawa.

2. Angalia kifungo. Kle zingine ziko na kifungo kidogo kando. Kikisukumwa upande wa kufuli, hakuna kuandika.

3. Jaribu masini ingine. Kama kle inaandikwa kule, kufuli iko katika masini ya kwanza. Pengine mwenye kuitunza aliifunga kwa kusudi. Umuulize, usilazimishe.

4. Ikikataa pote, katika Windows fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi. Andika diskpart, kisha list disk. Tambua kle yako kwa ukubwa wake: ile ya GB 8 inaonyeshwa karibu GB 7. Kama ni namba 1, andika select disk 1, halafu attributes disk clear readonly. Amri hii haifuti kitu. Lakini neno clean linafuta yote. Na ukikosea namba, unaweza kufuta diski ingine.

5. Kama ingali inakataa, pengine kumbukumbu yake imechakaa, maana inaandikwa mara zenye kipimo tu. Kle zingine zikichoka hujifunga zenyewe, kusudi yaliyomo yasiharibike. Hapo hakuna amri ya kuifungua. Shukuru kwamba inasomeka, na usiitumainie tena.

Tena, kufuli si adui. Kle ya kifungo ikifungwa, virusi vya masini ya kuchapisha haviingii.

Sisi wa kalasi ya mwisho tunapokezana nota za mtihani wa Serikali katika kle moja. Anayefanya fomati kwa haraka anafuta kazi ya kalasi nzima. Basi nota ziwe kila mara pahali pawili.

Maulizo ya kujipima:
a) Kabla ya yote unafanya nini?
b) Utajuaje kama kufuli iko katika kle ao katika masini?
c) Neno gani la diskpart linafuta yote?

Kapita wa wanafunzi