Bomba Jipya la Eksirei: Tulizoeze Polepole, Tukae Mbali



Kila mama wa Kazimia anajua: chungu kipya hakiwekwi juu ya moto mkali siku ya kwanza. Ukikiharakisha, kinapasuka. Bomba jipya la eksirei ni hivyo hivyo.

Bomba hili ni la nini?
Mafundi hulitumia kupiga picha ndani ya chuma. Wakilehemu tangi au bomba la maji, eksirei huonyesha ufa ambao jicho halioni. Ndani yake hamna hewa. Uzi mwembamba huwaka na kutoa elektroni. Umeme mkali, pengine wa kilovolti 200 au 300, huzivuta zikagonge kipande cha madini ya tungsteni. Hapo miale huzaliwa.

Kwa nini tulizoeze?
Fikiri bomba jipya limeletwa kwa boti kutoka Kalemie, kisha likakaa ghalani miezi mingi. Gesi kidogo iliyojificha katika chuma na kioo chake hutoka polepole. Ukiwasha umeme wote mara moja, cheche huruka ndani, na bomba la bei kubwa linakufa siku hiyo hiyo.

Namna ya kufanya
1. Fungua sanduku taratibu. Angalia kama kuna ufa au mafuta yanayovuja.
2. Kata umeme, funga swichi kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa fundi anayefunga bomba. Ngoja umeme uliobaki katika mashine uishe.
3. Safisha na kukausha vichwa vya nyaya kabla ya kuunganisha. Unyevu wa ziwa ni adui.
4. Maji au mafuta ya kupoza yatembee kwanza.
5. Funika dirisha la bomba kwa kifuniko cha madini ya risasi. Weka kamba na alama, watu wote watoke.
6. Anza na kilovolti za chini. Panda kidogo, ngoja, panda tena, kama kitabu cha kiwanda kinavyoagiza. Sindano ikirukaruka, shuka ngazi moja, ngoja itulie.
7. Andika yote katika daftari. Bomba likipumzika siku nyingi, lizoezwe tena.

Kosa linaloua
Wengine husema: “Tunalipasha moto tu, hatupigi picha.” Huo ni udanganyifu! Bomba likiwa na umeme linatoa miale, picha ipigwe au isipigwe. Kifuniko hupunguza miale, hakiimalizi. Miale haionekani, hainuki, haina sauti.

Huko Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikuwa akijaribu mabomba ya eksirei kwa mikono yake mwenyewe. Mikono ikapata vidonda, ikakatwa. Alikufa mwaka 1904, hajafika miaka 40. Edison naye akaiacha kazi ya eksirei.

Basi umbali ni ngao. Ukitoka mita 5 ukasimama mita 10, miale inayokufikia inabaki robo tu. Vaa kipimo chako cha miale kila siku; kipimo kilichoachwa kabatini hakimlindi mtu.

Kwa akina mama
Msiogope kufua nguo za baba. Bomba likizimwa, miale inakwisha, kama taa. Si kama mawe ya Shinkolobwe, yanayotoa miale usiku na mchana. Lakini ukimpelekea mumeo chakula ukaona kamba na alama, usipite, hasa ukiwa na mimba. Simama mbali, uite.

Fundi, usikubali kuharakishwa. Mkubwa akiuliza kwa nini unakawia, mwonyeshe daftari. Bomba jipya laweza kuagizwa tena. Mkono wa mtu hauagizwi.