Kupoteza Kazi si Kupoteza Ujuzi: Somo kwa Anayetafuta Kazi Mpya



Mwaka 1975 Serikali ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden. Shabaha ilikuwa kumpa mtu mzima aliyeishia elimu ya msingi mahali pa kujifunzia stadi za kazi. Leo vyuo hivyo vinamfaa pia mfanyakazi ambaye kiwanda chake kimefungwa. Hata hivyo, wapo wanaochagua fani kwa kumwiga jirani, wakamaliza kiinua mgongo kwa karo, kisha wakarudi na cheti kisicho na wateja. Kabla ya kujaza fomu, jibu maswali matatu.

Kwanza, mikono yako inajua nini tayari? Tuchukue mfano wa fundi mitambo wa kiwanda cha nguo. Amezoea kubadili beringi, kukaza mikanda na kutambua kwa sikio mashine inayoanza kuharibika. Ujuzi huohuo unahitajika kwenye mashine za kusaga nafaka na pampu za maji. Huyu haanzi upya. Anaongeza tu umeme wa mota na utunzaji wa hesabu. Ikiwa alijifunzia kazini bila cheti, VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi: mhusika hupimwa kwa vitendo, hufundishwa anayopungukiwa, na akifaulu hutunukiwa cheti.

Pili, nani atakulipa? Pita sokoni na vijijini, uhesabu mafundi waliopo. Wateja wakiwangoja mafundi, nafasi ipo. Mafundi wakiwangoja wateja, fani hiyo imejaa.

Tatu, nyumba itakula nini wakati unasoma? Andika karo, nauli na matumizi ya familia kwa miezi yote ya kozi, kisha ongeza bei ya zana za kuanzia, kwani fundi asiye na zana hubaki kibarua wa mwenye nazo. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ni kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Aliye nje ya makundi hayo asiitie katika hesabu zake.

Majibu yakikamilika, yapeleke kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, naye atakuelekeza chuo na kozi inayolingana nayo. Elimu haina mwisho, lakini akiba ya nyumbani ina mwisho. Tuulize kwanza, ndipo tulipe.