Upatu na Gitaa

Leo tunazungumzia upatu. Siyo ule wa kuchangiana fedha, la! Ni upatu wa kupigwa.

Huko Mindanao, kusini mwa Ufilipino, patu nane hupangwa mstari mmoja, zikalazwa juu ya kamba. Kila moja ni kama sufuria ndogo iliyofudikizwa, ina nundu katikati. Mpigaji hushika vijiti viwili. Chombo hicho ni kulintang.

Mwaka 1976 fundi wake mmoja, Danongan Kalanduyan, alikwenda Marekani, akawafundisha Wafilipino wa huko. Siku hizi wako wanamuziki wa Kifilipino ugenini wanaochanganya patu na gitaa na vinanda vya umeme.

Basi hapo ndipo penye kazi. Gitaa likipotoka, unakaza nyuzi tu. Upatu je? Una sauti yake tangu kwa mfuaji, na patu za nyumba hii hazilingani na za nyumba ile. Nani amfuate mwenziwe? Wengine huagiza patu zilizolinganishwa na piano. Sisi twaona afadhali gitaa lifuate. Upatu ukishagongwa nyundo ufanane na piano, ile sauti ya Mindanao utaisikia wapi tena?