Simu inaangalia jani la muhogo: piga majani sita, si moja

Ndugu wanachama wa koperative, wengi wenu mmetuuliza: kweli simu inaweza kujua ugonjwa wa muhogo? Inaweza, kwa kiasi fulani. Na kile kiasi ndicho tunachotaka kueleza hapa, kwa sababu ugonjwa unasafiri ndani ya buture. Ukikata mbegu kwenye mmea mgonjwa, umepanda ugonjwa.

Programu tunayozungumzia inaitwa Nuru. Ilitengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na taasisi ya kilimo ya IITA. Unaiweka kwenye simu pale penye intaneti, halafu shambani inafanya kazi hata bila rezo. Kiswahili kimo.

Simu haioni jani kama mama anayechuma sombe. Inaona vidoti vidogo sana, mamilioni, na kila kidoti ni namba tatu: ya wekundu, ya kijani na ya bluu, kuanzia 0 mpaka 255. Hakuna mtu anayeweza kuandika sheria ya kusema namba hizi ni mozaiki, zile ni jani zima. Kwa hiyo kompyuta inafundishwa kwa mifano, sawa na mtoto anayejifunza kutofautisha mbuzi na kondoo: anaonyeshwa tu, tena na tena. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulitumia picha 2,756 za muhogo zilizopigwa karibu na Bagamoyo, Tanzania.

Sasa, inapatia mara ngapi? Watafiti walipima mwaka 2020. Kwa jani moja, Nuru ilipata 65 kwa mia. Kwa majani sita ya mmea ule ule, ilipata 74 mpaka 88. Maagronome walipata 40 mpaka 58, na wakulima 18 mpaka 31. (Msikasirike, magonjwa haya yanadanganya macho ya wengi.)

Tofauti hiyo inatokana na mmea wenyewe. Mozaiki inaonekana zaidi juu, kwenye majani machanga: yanajikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia inajionyesha chini, kwenye majani yaliyokomaa, njano ikifuata mishipa. Mwenye kupiga picha ya juu peke yake ataukosa huo wa pili. Na dalili zikiwa bado kidogo, simu inakosea zaidi.

Basi futa kioo cha kamera, kivuli cha mkono wako kisiangukie jani, chukua majani ya juu, ya katikati na ya chini. Jua likifanya usione maandishi kwenye skrini, igeuzie mgongo.

Ndani ya kiazi simu haifiki. Wakati wa kuvuna, pasua viazi vichache vya kila mmea unaotaka kukata buture: ukikuta uozo mkavu wa kahawia, mmea huo usitoe mbegu, hata kama simu ilisema ni mzima.