Sindano na Sahani

Jua, ndugu msomaji, ya kwamba mwenye kisukari aliyehamia Kericho au Bomet hana haja ya kuyalaumu majani ya chai. Jani halina kosa. Kosa ni sukari itiwayo kikombeni, na wanga wa ugali. Insulini ya chakula hudungwa kabla ya kula: ile mpya dakika 15, ile ya kale nusu saa, kwa kiasi alichopanga tabibu. Lakini mwenye kudunga kisha akaakhirisha chakula, akaenda kuchuma chai, amejihatarisha, kwani kazi nayo hushusha sukari. Akitetemeka na kutoka jasho, hapo ile sukari aliyokatazwa ndiyo dawa yake: vijiko vitatu au vinne vya chai katika maji, anywe papo hapo.