Kitubio na Sevu ya Nyuma



Vijana wenzangu, wengi wetu tunacheza gemu za hadithi, zile ambazo mhusika mkuu unamtengeneza mwenyewe. Katika Mass Effect (2007) unachagua kama Kamanda Shepard ni mwanamume au mwanamke, alikulia wapi, na kama ataongea na watu kwa upole au kwa ubabe. Ukiona uamuzi umeharibu mambo, unarudi kwenye sevu ya nyuma na kuchagua upya. Nani ameona?

Kuna gemu inayokusuta kwa hilo. Undertale, ya Mmarekani Toby Fox, ilitoka 2015. Wewe ni mtoto uliyeanguka chini ya ardhi, wanakoishi viumbe vya ajabu. Anakupokea Toriel, mama mwenye sura ya mbuzi. Anakuokea pai, anakupa chumba. Ukitaka kuondoka anakuzuia mlangoni, na hapo unaweza kumpiga au kumhurumia. Kumhurumia kunachosha: unabonyeza, unabonyeza tena, unaona kama hakuna kinachobadilika. Kuna wanaokata tamaa na kumuua. Halafu dhamiri inawauma, wanarudi kwenye sevu, wanamwacha hai. Mbele kidogo wanakutana na Flowey, ua linaloongea, nalo linawaambia wazi: najua ulimuua, ukajuta, ukarudi nyuma.

Mimi nimeungama hivyo hivyo, kama mtu anayerudi kwenye sevu. Nilimzushia rafiki yangu jambo kwenye grupu la WhatsApp la kwaya. Jumamosi nikaungama, nikasali Salamu Maria zangu, nikatoka mwepesi kabisa. Yeye alikuwa bado haji mazoezi.

Tusichanganye mambo hapa. Ondoleo la dhambi ni la kweli, na Mungu si kama lile ua. Hakusimangi kwa dhambi aliyokwisha kukusamehe. Ila Katekisimu (na. 1459) inafundisha kwamba ondoleo linafuta dhambi, lakini halitengenezi kila kitu ambacho dhambi imevuruga. Aliyeiba arudishe. Aliyemchafulia mwenzake jina, amsafishe. Daudi alikiri mbele ya Nathani na akasamehewa (2 Sam 12), lakini Uria hakurudi nyumbani. Zakayo naye hakuomba miaka yake ya ushuru ifutwe. Alisema atawarudishia mara nne wale aliowadhulumu, yaani ilibidi awatafute, awagongee mlango, waonane uso kwa uso. Hiyo safari ya mlango kwa mlango huwa hatuifikirii sana, jamani!

Nami nikaandika kwenye grupu lile lile, maana uongo niliusemea pale: nilidanganya, naomba msamaha. Alisoma, hakujibu. Baada ya wiki tatu alirudi kwaya, akakaa mbali nami.

Kabla hujaenda kuungama tena, soma Luka 19:1-10. Kisha chukua karatasi, andika majina ya watu ambao dhambi zako ziliwagusa. Uanze na nani?